Kabla ya Kufungua Shauri la Ukiukaji wa Pamoja wa Hataza Nchini Marekani

Wakili anayekusudia kudai ukiukaji wa pamoja, yaani ule ambao hatua za mbinu iliyolindwa zimetendwa na zaidi ya mtu mmoja, mbele ya mahakama ya shirikisho ya Marekani aisome upya hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya mteja wake, na pembeni ya kila hatua ya mbinu inayolindwa aandike ni nani hasa anayeitenda. Ikiwa mdaiwa anazitenda zote, suala la upamoja halipo. Ikiwa hata moja imo mikononi mwa mtu mwingine, kama vile mteja wa mdaiwa, mgonjwa au mkandarasi, hati ya madai lazima ieleze kwa nini kitendo hicho kihesabiwe kuwa cha mdaiwa.

Kipimo kilitolewa Agosti 2015 katika shauri la Akamai, mwenye hataza, dhidi ya Limelight, kampuni iliyodaiwa: mdaiwa awe aliongoza au kudhibiti utendaji wa mwenzake, au wawe wabia. Kuongoza kunajumuisha kumwekea mtu hatua fulani kuwa sharti la kupata huduma, na papo hapo kumpangia namna au wakati wa kuitekeleza. Limelight ilinaswa na karatasi za kawaida za biashara, yaani mkataba ulioorodhesha kazi za mteja, barua ya kumkaribisha na maelekezo ya kitaalamu ya kuunganisha huduma. Karatasi za aina hiyo zitafutwe mapema, kwa kuwa masharti ya huduma mara nyingi yako wazi kwenye tovuti ya mdaiwa, na aya zake zinukuliwe ndani ya hati.

Kuandika tu kwamba mdaiwa "aliwadhibiti" wengine hakutoshi, na kosa hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu linaepukika. Katika Lyda dhidi ya CBS, kampuni ya utangazaji, mwaka 2016, ilidaiwa kwamba kampuni iliwadhibiti wakandarasi, nao wakawaelekeza watu wasiotajwa kupigia kura kipindi cha televisheni kwa simu zao au za kuazima. Mnyororo huo haukuwa na ukweli wowote wa kuuunganisha, na Mahakama ya Rufani ikakubali shauri litupwe. Ilikataa pia kinga ya Fomu namba 18, kielelezo cha hati ya madai ya hataza katika kanuni za mahakama za shirikisho, iliyoridhika na maelezo mafupi na ambayo ilifutwa Desemba 2015.

Ubia usidaiwe ovyo: unahitaji makubaliano, lengo moja, maslahi ya kifedha ya pamoja na haki sawa ya kuamua, mambo ambayo ni nadra kuyakuta kati ya muuzaji na mnunuzi. Wala dai kwamba mdaiwa aliwashawishi wengine kukiuka hataza si kimbilio, kwani tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2014 haliwezi kusimama pasipo ukiukaji wa moja kwa moja.