Kukamilisha seti ya kadi za besiboli bila kupagawa

Kabla hujanunua hata kadi moja, tafuta orodha kamili ya seti yako, iandike kwa namba, halafu weka tiki kwa ulizonazo. Zisizo na tiki ndo kazi yenyewe. Chukua seti ya 1952 ya Topps (kampuni inayotoa hizi kadi zenye picha za wachezaji), ina kadi 407, na kuanzia namba 311 (kadi ya staa Mickey Mantle) hadi mwisho ndo utalia, maana zilitoka msimu unaisha na watu washachoka kununua kwa hiyo zilizobaki ni chache, mi ningezianza hizo mapema, zile za kawaida ntaokota baadaye kwa mafungu. Alafu kuna mastaa hawamo kabisa! Stan Musial humpati kwenye seti hiyo hata ukeshe, Topps hawakumtoa mpaka 1958, sa mtu akikwambia anayo ya '52 we jiondokee tu. Kadi ikifika kagua pembe zote nne, iinamishe kwenye mwanga, mkunjo mdogo huwa unajificha kwenye mng'ao. Kisha moja kwa moja kwenye kimfuko cha plastiki, vidole vina mafuta jamani.