Kufundisha yabisi, kimiminika na gesi kwa kiazi na bomba la sindano

Nafundisha sayansi shule ya msingi hapa Mbeya, na maabara hatuna. Tafuta jagi la kupimia, sahani, chupa ya plastiki, kiazi kidogo na bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa. Sindano yenyewe usiichukue, watoto ni watoto.

Hatua ya 1. Tia maji mililita 300 kwenye jagi, zamisha kiazi. Maji yakipanda hadi 380, ujazo wa kiazi ni mililita 80. Kihamishie popote, umbo na ujazo ni vilevile. Hiyo ndiyo yabisi.

Hatua ya 2. Mimina maji mililita 200 kwenye sahani, kisha kwenye chupa. Kabla ya kuyarudisha kwenye jagi, uliza ni wapi yalikuwa mengi. Wengi watasema kwenye chupa, kwa sababu ni ndefu. Jagi litawasuta: umbo lilibadilika, ujazo haukubadilika.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Vuta hewa hadi 10, ziba mdomo wa bomba kwa kidole, sukuma. Hewa inabanika, ukiachia, inarudi. Chembe za gesi zimeachana mbali, ndiyo maana zinasogezeka. Sasa vuta maji, ziba, sukuma: yanagoma, maana chembe zake zimekaribiana, ingawa zinapishana. Ila toa kiputo kwanza: elekeza mdomo juu, gonga bomba, sukuma kidogo. Mara ya kwanza nilisahau, darasa zima likaniambia, “Mwalimu, hata maji yanabanika!”

Hatua ya 4, kwa mwenye ndugu anayesafiri. Funga kwa nguvu chupa tupu, laini, ukiwa Mbeya mjini (kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari), ashuke nayo Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, bila kuifungua. Itafika imebonyea. Hewa iliyomo ni ileile, lakini kule chini mgandamizo wa hewa ya nje ni mkubwa zaidi, hivyo ujazo wake umepungua.

Jiandae na swali: mchele nao unamiminika na kujaa chombo, mbona ni yabisi? Mpe aliyeuliza punje moja aihamishe chombo hadi chombo aone kama umbo lake litabadilika. Kisha mkumbushe sado ya mchele pale sokoni, ilivyojazwa hadi ikafanya kichuguu. Sado ya maji naye aijaze kichuguu tuone.