Anaimba "ba be bi bo bu", lakini je, anasoma?

Mtoto akiighani safu nzima ya silabi bila kukwama, usishangilie bado. Funika zote, mwachie "bo" peke yake. Akilazimika kuanzia "ba" ndipo aifikie, ameshika wimbo tu.

Anza na irabu tano mpaka azitambue hata zikichanganywa, kisha ongeza konsonanti moja moja: m, k, t, s. Fundisha sauti, si jina. Aliyezoeshwa kuita t "te", ukimwekea "ta" atasoma "te-a".

Okota vizibo vya soda kama ishirini, bandika karatasi ndani, kila kimoja silabi yake: sa, to, ma, ki, ka, ta. Vimwage sakafuni aunde maneno. Kwa mtoto wa Kirumba, penye soko la samaki la Mwanza, "sato" (samaki wa ziwani) ni neno zuri la kwanza, halafu "samaki". Dagaa ana mtego wake: wengi huandika "daga". Mpigishe makofi, da-ga-a, mara tatu, aisikie ile a ya mwisho ndipo aandike.

Nyumba inayoongea Kisukuma hupata shida ya r na l. Usizifundishe wiki moja. Akishazijua zote mbili, chora kalamu na sahani ya pilau, mwambie aonyeshe ipi ni "kalamu" na ipi ni "karamu". Kumcheka kutamfanya anyamaze tu. Ila kwenye ng' yuko mbele ya wenzake, maana sauti hiyo anaisikia nyumbani kila siku; kazi iliyobaki ni kutenganisha "ng'ombe" na "ngoma".

Kuandika kuanze kwa kidole mchangani, kisha chaki juu ya jiwe (Mwanza nani amekosa jiwe?), penseli baadaye. Gumba na kidole cha shahada vishike, cha kati kiegemeze. Kugeuza b ikawa d ni kawaida hata akiwa na miaka sita. Mrekebishe bila fimbo. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha, akianza kupiga miayo funga.

Njiani msomeshe vibao vya daladala. "Igoma" ataiweza mapema, i-go-ma. "Nyegezi" isubiri mpaka ajue ny.

Anayesogeza karatasi hadi puani, au anayetaka urudie kila neno, mpeleke akapimwe macho na masikio kabla hujamwita mzembe.