Somo: Kuyaelewa maonyo ya amri ya mount

Amri ya mount kwenye Linux, ile inayopachika diski kwenye folda ili uzifikie faili zake, hulalamika hata pale kazi ilipofanyika vizuri, na ikishindwa kweli hukutajia sababu nne au tano kwa mpigo bila kusema ipi ni yako. Ndiyo maana watu hufomati diski nzima ambayo haikuwa na tatizo lolote. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Imepachikwa au haikupachikwa?

Kabla ya kutafuta maana ya ujumbe, uliza hivi (/mnt/data ni folda uliyopachikia diski):

`findmnt /mnt/data`

Ukipata mstari wenye chanzo, aina ya mfumo wa faili na vigezo vyake, imepachikwa, na ulichokiona lilikuwa onyo tu. Ukiona kimya, imeshindikana. Unaweza pia kuandika `echo $?` mara tu baada ya mount: 0 ni salama, 32 ni kwamba upachikaji umekataliwa, 1 mara nyingi ni amri uliyoikosea mwenyewe au ruhusa huna.

Hatua ya 2: Maonyo ambayo kazi imekamilika

`your fstab has been modified, but systemd still uses the old version`

Umehariri /etc/fstab (faili lenye orodha ya vitu vya kupachikwa), lakini systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) bado inafuata nakala iliyoisoma awali. Andika `sudo systemctl daemon-reload`, basi. Usilidharau hili, maana systemd inayofuata mistari ya zamani inaweza kuipachua folda uliyoipachika sasa hivi, nawe ukadhani diski imekufa.

`WARNING: source write-protected, mounted read-only`

Utasoma, hutaandika. Kwa faili la ISO ndivyo inavyotakiwa. Kwa kadi ya SD, tazama kile kitufe cha pembeni cha kufunga. Kama ni flashi isiyo na kitufe, nakili data zako kwanza, maswali baadaye: baadhi ya flashi hujifunga hivyo zinapoanza kufa.

Hatua ya 3: Ule ujumbe mrefu

`wrong fs type, bad option, bad superblock on /dev/sdb1, missing codepage or helper program, or other error`

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanaona "bad superblock" wanakimbilia fsck (hukagua na kurekebisha mfumo wa faili), au vibaya zaidi, mkfs (hufomati upya). Hiyo ni orodha ya mambo yanayowezekana tu. Mount imeambiwa "hapana" na kerneli (kiini cha Linux), nayo inabahatisha sababu. Sababu yenyewe iko kwenye logi ya kerneli:

`sudo dmesg | tail`

`lsblk -f`

Ya pili inakuonyesha kila patisheni (kipande cha diski) ina mfumo gani wa faili. Ukikuta `crypto_LUKS`, patisheni imefungwa kwa nywila. Ifungue kwanza kwa `cryptsetup open`. Ukikuta `LVM2_member`, patisheni inatumiwa na LVM (mfumo wa kugawa diski katika voliyumu), na unachopaswa kupachika ni voliyumu iliyo ndani yake. Kama unapachika kupitia mtandao folda ya NFS (njia ya kushiriki faili) au ya Windows, huenda programu saidizi haipo: kwenye Debian na Ubuntu sakinisha `nfs-common` au `cifs-utils`. Na fsck usiiendeshe kamwe kwenye patisheni iliyopachikwa.

Hatua ya 4: Folda juu ya folda

Ukijibiwa `/srv/picha is not a block device`, umeipa mount folda wakati ilitarajia diski. Ongeza `--bind`, inayoonyesha folda moja mahali pengine:

`sudo mount --bind /srv/picha /mnt/picha`

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, diski yangu ya Windows inasema "The disk contains an unclean file system" na inakataa kabisa. Nitumie ntfsfix?

Jibu: Hapana, anzia Windows. Kuna uwezekano mkubwa haikuzimwa kabisa, imelala tu kwa sababu ya Fast Startup. Zima kipengele hicho, kisha uzime kompyuta kwa `shutdown /s /t 0`. ntfsfix hairekebishi NTFS (mfumo wa faili wa Windows) kama chkdsk ya Windows inavyofanya.

Swali: Nikitaka kupachua naambiwa "target is busy", na sijafungua kitu chochote.

Jibu: Angalia terminali yako iko folda gani! Mara nyingi mtu amekaa ndani ya folda ileile. Toka kwa `cd`, jaribu tena. Ikigoma, `sudo fuser -vm /mnt/data` itakutajia programu inayoishikilia. `umount -l` usiitumie kisha ukachomoa flashi, kwani uandishi unaweza kuwa bado unaendelea.

Swali: Nimepachika diski mpya kwenye /home, hakuna onyo lolote, lakini faili zangu zote zimepotea. Msaada tafadhali.

Jibu: Hazijapotea, zimefunikwa. Mount haionyi kwamba folda ina vitu. Huna haja ya kupachua ili uzione:

`sudo mkdir -p /mnt/mzizi`

`sudo mount --bind / /mnt/mzizi`

Zitafute ndani ya /mnt/mzizi/home. `--bind` haibebi vilivyopachikwa chini yake, kwa hiyo utaona folda kama ilivyo kwenye diski ya zamani. Zinakili kwa `cp -a` ili ruhusa na umiliki visibadilike.

Swali: Na nikitumia `--rbind`?

Jibu: Hiyo hubeba kila kitu, utaona diski mpya tena. Tumia `--bind`.