Jinsi ya kuomba mvurugaji afungiwe kwenye wiki, na mahali ombi linapofia

Kama umefika hapa, bila shaka kuna mtu kwenye mradi wenu wa wiki (tovuti ya kuhaririwa na watu wengi, kama Wikipedia) anafuta kila unachoandika na umeshachoka naye. Kufungua akaunti na kuhariri unajua, sirudii. Naongelea ombi lenyewe, maana nimetoka kulipitia juzi kwenye mradi mmoja wa wiki ambao siutaji. Ombi langu halikukubaliwa wala halikukataliwa. Lilikaa tu. Watu wakaja kubishania chini yake ugomvi wao wa miaka iliyopita, kisha kukawa kimya, na siku chache baadaye roboti, yaani programu inayojiendesha, ikalihamishia kwenye kumbukumbu kwa sababu hakuna aliyechangia tena. Pale roboti ndiyo pekee isiyochelewa kazini.

Kanuni nitakazotaja ni za Wikipedia ya Kiingereza, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa kwa kirefu na miradi mingi imezichukua kwa kupunguza hapa na kuongeza pale. Soma na za kwenu.

Kwanza, jua unaomba nini

Kuzuia ni kitufe. Mkabidhi, yaani mtumiaji aliyepewa zana za kusimamia wiki, anakibonyeza na akaunti inashindwa kuhariri, iwe ukurasa mmoja tu au mradi mzima, kwa saa chache au bila kikomo. Marufuku ni uamuzi: fulani haruhusiwi kugusa mada hii, au kujibizana na mtu yule, au kushiriki kabisa. Mtu aliyepigwa marufuku ya mada akaunti yake inaweza kubaki wazi, akihariri mengine kwa raha zake. Anazuiwa pale atakapoivunja.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani akusikilize. Mkabidhi mmoja anaweza kuzuia peke yake, usiku huohuo. Marufuku ya jumuiya hujadiliwa na wanachama, na kwa kawaida mjadala huachwa wazi kwa saa 72 au zaidi. Juu kabisa lipo Baraza la Usuluhishi, lililoanza kusikiliza kesi mwaka 2004, lakini hilo ni la migogoro iliyowashinda wengine wote. Ukienda huko moja kwa moja utarudishwa.

Kingine: kuzuia kunahesabiwa kuwa kinga, si adhabu. Ukiripoti leo fujo zilizokoma wiki mbili nyuma, utajibiwa kwamba hakuna cha kuzuia. Hata kama alikutukana. Inauma, lakini ndivyo wanavyofikiri, na ombi lililoandikwa kwa hasira ya kulipiza wanalitambua kwenye sentensi ya kwanza.

Maonyo

Weka onyo kwenye ukurasa wa majadiliano wa mhusika kabla ya kuripoti. Violezo vipo tayari, vina ngazi kutoka 1 ya upole hadi 4 ya mwisho. Si lazima upande zote kwa zamu kama uharibifu ni wa wazi, lakini ripoti isiyo na onyo hata moja mara nyingi haisomwi zaidi ya hapo.

Mahali pa kuripoti

Uharibifu wa wazi, yaani matusi kwenye makala au kufuta kurasa nzima, una ukurasa wake, na huko majibu huja haraka. Vita vya kuhariri, yaani watu kufutiana kazi kwa zamu, vina ukurasa mwingine: huko kipimo ni kurejesha (kutengua uhariri wa mwingine) zaidi ya mara 3 kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24, ingawa mtu anaweza kuzuiwa hata kabla ya kufikisha idadi hiyo kama nia yake ni kushindana. Akaunti bandia zina ukurasa wa tatu. Yaliyobaki yote, hasa ya mtu anayevuruga kwa adabu, huenda kwenye ubao mkuu wa matukio, na huko ndiko maombi mengi hufia. Ukikosea ukurasa utaandikiwa “si hapa”, na mara nyingi aliyekuandikia hakwambii ni wapi.

Kwenye mradi mdogo usio na wakabidhi walio hai, yupo mtu wa kumwendea: wasimamizi wa miradi yote, wanaopatikana Meta-Wiki, wiki ya kuratibu miradi ya Wikimedia, yaani Wikipedia na ndugu zake. Wanaweza kufunga akaunti moja kwenye miradi yote ya Wikimedia kwa mara moja, na ndio wa kuendewa hasa kama mharibifu anahama kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Viungo, viungo, viungo

Hapa ndipo muda wangu ulipoishia, na hapa ndipo nakuomba utulie.

Mkabidhi hakujui na hamjui unayemlalamikia. Hana nafasi ya kusoma historia nzima ya makala ili agundue uchungu wako. Anachotaka ni viungo vya tofauti: ule ukurasa unaoonyesha masahihisho mawili, yaani matoleo mawili ya makala, ubavu kwa ubavu, la zamani kushoto na jipya kulia. Fungua historia ya makala, teua masahihisho mawili, linganisha, kisha nakili anwani ya ukurasa unaotokea. Usibandike anwani ya makala yenyewe, maana kesho itakuwa imebadilika. Wala usipeleke picha ya skrini. Picha inachezewa, tena haimwonyeshi msomaji kilichofuata.

Linganisha maombi haya mawili. La kwanza: “Huyu mtu ni msumbufu sana, anaharibu kila kitu, amezoea, wakabidhi tunaomba mtusaidie.” La pili: “Mtumiaji huyu amefuta aya yenye vyanzo mara nne tangu jana saa 20:10 UTC (viungo vinne). Aliombwa ajadili baada ya mara ya pili (kiungo), akaonywa baada ya ya tatu (kiungo), akafuta tena dakika kumi baadaye. Naomba azuiwe kwenye makala hii.” La pili linasomwa kwa dakika moja na linaamuliwa kwa dakika tano. La kwanza linazaa maswali, maswali yanazaa watazamaji, na watazamaji ndio wanaoleta ugomvi wa zamani.

Saa andika za UTC, ile saa ya pamoja ya dunia. Historia ya ukurasa inaweza kukuonyesha saa za kwenu kutegemea mapendekezo (mipangilio) ya akaunti yako, na ukizichanganya, hesabu ya saa 24 inaharibika. Viungo vichache vilivyo wazi vinatosha. Ukileta arobaini, atafungua vitatu, na mkosi wako ni kwamba vitatu hivyo ndivyo vilivyo dhaifu.

Kabla ya kutuma, fungua michango yako mwenyewe na uisome kama adui. Anayeripoti huchunguzwa pia, hilo limo kwenye desturi za ubao na wapo wanaolisubiri kwa hamu. Ukiwa nawe ulirejesha mara nne usiku uleule, mtazuiwa wote wawili na kesi itafungwa vizuri kabisa upande wao.

Kumtaarifu mhusika

Kwenye ubao mkuu, lazima umwarifu unayemripoti kwa kuandika kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Kumtaja jina ndani ya ripoti ili apate arifa hakuhesabiwi. Ni karatasi ndogo ya kiurasimu, na inakera kumpelekea habari mtu aliyekutukana, lakini isipokuwepo, jibu la kwanza chini ya ombi lako litakuwa la mtu anayekukumbusha hilo, na mjadala mzima utahama kutoka kwa mvurugaji kuja kwako. Tumia kiolezo, weka sahihi, ondoka. Usiongeze neno.

Baada ya kutuma

Jibu ulichoulizwa, basi. Mtuhumiwa atakuja na maelezo marefu, na utatamani kujibu kila mstari. Ubao ukishakuwa na kurasa tatu za majibizano yenu, mkabidhi anayepita anahesabu kazi iliyopo na kupitiliza kwa ombi la chini yake. Kama kumekaa kimya, andika mstari mmoja wa kuomba tathmini kabla roboti haijafika. Ikishafika, unaweza kufungua upya kwa kutaja kumbukumbu, mradi una jambo jipya la kuonyesha.

Akizuiwa, jua kwamba naye ana njia: ataomba kufunguliwa kwenye ukurasa wake wa majadiliano, na mkabidhi mwingine ndiye huangalia. Kwa waliofungiwa bila kikomo ipo desturi ya kurudi baada ya miezi 6 bila kutumia akaunti nyingine, na ahadi ya kuacha yaliyomfungisha. Usiende kushangilia kwenye ukurasa wake. Wapo waliozuiwa kwa hilo.

Akirudi kwa jina jingine

Wengi hurudi. Kwenye miradi mingi ya Wikimedia, siku hizi wasiojisajili hupewa akaunti ya muda, jina linaloanza na alama ya ~ na mwaka, na akifuta vidakuzi vya kivinjari anapata jingine. Usiandike “ni yuleyule, anajulikana”. Panga jozi: kiungo cha akaunti ya zamani, na pembeni yake kiungo cha akaunti mpya, aya ileile, muhtasari uleule wa uhariri, hata kosa lilelile la tahajia. Kisha omba wenye zana ya kukagua akaunti waangalie. Wao huona data za kiufundi za siku 90 tu, kwa hiyo ushahidi ukishaupata upeleke wiki hiyohiyo, na akaunti ya zamani iwe imehariri ndani ya muda huo. Isipokuwa hivyo, watabaki na jozi zako peke yake, basi zifanye zisomeke.