SOMO: Kufungua tena ukumbi mdogo wa laivu bendi baada ya kufungiwa kwa sababu ya ugonjwa

Habari zenu wadau. Somo hili nilikuwa nimeahidi kitambo, leo nimepata nafasi. Mnakumbuka huku Kenya wakati wa korona baa zilifungwa Machi 2020, kafyu ikaanza tarehe 27 mwezi huohuo, Septemba mwishoni baa zikaruhusiwa, Machi 2021 Nairobi na kaunti zingine nne zikafungiwa tena, na kafyu yenyewe ikaja kuondolewa 20 Oktoba 2021. Wenzetu wa Uganda waliumia zaidi, wao walingoja mpaka Januari 2022. Mimi ni fundi wa sauti, nimesaidia kufungua kumbi tatu za watu mia, mia na hamsini hivi, zile ambazo hazina tajiri wa kuzishika mkono, na kosa nililokuta kote ni lilelile: pesa imeishia kwa sanitaiza na kile kibunduki cha kupima joto, madirisha hakuna aliyeyagusa.

HATUA YA 1: Uliza ugonjwa unapita wapi
Korona inapita hewani na kuimba kunaisukuma zaidi. Machi 2020 kule jimbo la Washington, Marekani, kwaya ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu, watu 61, mmoja alikuwa na dalili. Wenzake 52 wakaugua na wawili wakafariki. Hiyo ni kwaya tu, hakuna pombe wala kucheza. Sasa fikiria Ijumaa yako.

HATUA YA 2: Maji
Hapa wengi hupita mbio. Ukumbi ukikaa miezi bila mtu, maji yanalala kwa mabomba na tangi, na kwa joto letu bakteria wa lejionela wanazaliana humo, wanaleta homa mbaya ya mapafu. Ukumbi mmoja nilifungua bomba la choo cha nyuma likakohoa kwanza, halafu likatema maji kama chai ya rangi, yananuka chuma. Kwa hiyo osha tangi, halafu fungua bomba moja moja polepole, yasiruke, wewe vaa barakoa ya kubana, na uyaache yatiririke mpaka yawe safi na baridi.

HATUA YA 3: Hewa
Tafuta kipima kaboni dayoksaidi. Nje kinasoma kama 400, ndani mkishajaa kikipita 800 jueni mnavuta pumzi za wenzenu. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, na upande mmoja uweke feni inayotazama NJE ivute hewa itoke. Usiweke feni nyuma ya mwimbaji ikipuliza kwa watu, hii nimeiona mara nyingi sana na inaniuma kwa sababu mtu amenunua feni kwa nia njema kabisa. Eyasi (kiyoyozi) inayozungusha hewa ileile sio hewa safi. Majirani wakilalamika kelele kwa sababu ya madirisha, punguza besi na umalize mapema, usifunge.

HATUA YA 4: Umeme na vyombo
Panya hawakuwa na kafyu, walikula waya. Kagua kila kebo kwa mkono, spika na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) uziwashe kwa sauti ndogo uziache saa nzima. Kitu cha kuogopa zaidi ni athi mbovu (athi ni ule waya wa kupeleka umeme ardhini): mpiga gitaa akishika nyuzi halafu mdomo uguse maiki, stima inaweza kupita mwilini mwake. Pima kwa multimita (kipima umeme) kati ya nyuzi na wavu wa maiki, ikisoma volti yoyote ya maana, hakuna shoo mpaka fundi wa umeme aje. Kila mwimbaji na maiki yake.

HATUA YA 5: Usiku wa majaribio
Alika watu 30 unaowajua, bila kiingilio. Angalia foleni inajazana wapi (kwetu ilikuwa mlango wa choo), na ufungue mlango wa dharura kwa mkono wako mwenyewe, manake wakati wa kufungwa ndo watu huurundikia viti na makreti. Leseni zikague pia.

MASWALI

Mdau wa Mombasa: Ukumbi wangu ni wa makuti, kuta hakuna. Bado ninunue kipima hewa?
Jibu: Hapana ndugu yangu, uko sawa. Hiyo pesa tengeneza choo na kagua waya, chumvi ya bahari inakula viungio.

Mdau wa Kisumu: Na tukifungiwa kwa kipindupindu?
Jibu: Hapo rudi hatua ya 1. Hewa sio shida, shida ni maji, chakula, vyoo na mikono. Sabuni na maji yanayotiririka, na barafu, watu wanaisahau barafu! Kama hujui imetengenezwa kwa maji gani, usiiweke kwa glasi ya mtu.

Mdau wa Arusha: Wanamuziki wangu wakiumwa hawasemi, wanakuja tu na homa yao. Nifanyeje kaka?
Jibu: Hawasemi kwa sababu asiyepiga halipwi, na nyumbani kuna watoto. Sisi tulikubaliana na bendi kabla ya shoo ya kwanza kwamba anayeumwa abaki nyumbani na anapata nusu, inatoka kwa kiingilio. Wiki ya pili tu mpiga tarumbeta alinipigia saa nane mchana, "kaka leo kifua kimebana". Tukapiga bila tarumbeta.