Umetoka jukwaani, sasa unaandika riwaya? Chunga mazungumzo

Mwigizaji akianza riwaya, mazungumzo humjia upesi, na hapo ndipo mswada unapoharibika. Jukwaani, uso, taa na mavazi hubeba nusu ya maana. Kwenye ukurasa hakuna wa kukubebea. Unajikuta na kurasa nzima za watu wanaosemezana ndani ya chumba kisicho na dirisha, harufu wala saa.

Andika tukio moja la maneno kama 800, kisha upigie mstari kwa kalamu ya rangi kila kinachosemwa. Rangi ikizidi nusu, kata, ukianza na salamu na zile "ndiyo" na "sawa". Pengo lijaze kwa kile mhusika anachokiona, anachokikumbuka au anachokificha. Kaa ndani ya mawazo ya mhusika mmoja tu kwa tukio zima! Waliozoea kuigiza nafasi nyingi huruka kutoka moyo wa huyu hadi wa yule, msomaji akapotea. Mlolongo wa "akasimama, akageuka, akaketi" nao ufute, labda kama kuketi kwenyewe kunabadilisha jambo.

Sikio unalo tayari. Soma rasimu kwa sauti na ujirekodi, ila usiigize: sauti yako nzuri itaficha sentensi dhaifu. Ulimi ukikwama, weka alama, songa mbele.

Riwaya nyingi huwa na maneno 60,000 hadi 90,000, na hakuna usiku wa uzinduzi wa kukusukuma. Jiwekee maneno 500 kwa siku, na mtu anayesubiri sura mpya kila mwisho wa mwezi.